Kutengeneza kalibu ya silikoni ya chambo ya sambaza, mwenyewe nyumbani Bukavu

Sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa Kivu, kila mtu wa Bukavu anaijua, tunainunua asubuhi ingali inang'aa mgongoni, tunaikaanga, tunaianika. Lakini sisi wenye kuvua na ndoano wengi bado tunaweka mnyoo, na mwenye kuwa na ndugu yake Ulaya analetewa zile chambo za plastiki laini zenye mkia wa kuchezacheza, pakiti iko na sita ao nane, unashuka nayo Uvira ku ziwa Tanganyika, samaki mukeke wanazikata mikia asubuhi moja tu na pakiti imeisha, unarudi kungojea mpaka mtu mwengine asafiri. Na tena zile chambo walizichora juu ya samaki wa kwao, umbo ya kwao, rangi ya kwao. Mukeke wa Tanganyika anakula samaki ndogondogo, ndagala na lumbu, na hiyo lumbu njo sambaza yetu yenyewe, ilitolewa Tanganyika ikaletwa Kivu kati ya 1958 na 1960. Sasa chambo yenye kufanana na sambaza inafaa ku maziwa yote mbili, na hakuna duka nimeona yenye kuiuza. Ni paka uitengeneze.

Mimi nimeshafanya kalibu (wengine munasema mulu) kumi na moja, nne za kwanza ziliharibika zote. Ntaeleza vile nafanya leo na zile fasi zenye zilinikatalia, ili wewe usipoteze silikoni yako juu silikoni haiko bei ndogo.

Modeli kwanza, na usikimbie

Modeli ni ile samaki ya mbao yenye utachonga ili silikoni ichukue umbo yake, na hapa njo kazi yote iko. Silikoni inakopi kila kitu, inakopi mistari ya mbao, inakopi alama ya kidole yako ku verni, kosa yenye uko nayo ku modeli utaiona ku kila chambo utamwaga miaka yote. Mimi modeli inanikamata siku nne ao tano, kumwaga silikoni ni dakika makumi mbili.

Nunua sambaza moja mbichi, ya sentimita 8 ao 9, ilaze ku karatasi ya kaye ya hesabu yenye vikaro, ichore kwa upande, kisha ichore tena vile inaonekana kutoka juu. Iangalie vizuri. Utaona vitu vyenye hukuwahi kuviona juu umeizoea ku sahani: tumbo yake haiko ya mviringo, chini inakuwa nyembamba kama makali ya kisu, mdomo unaelekea juu kidogo, jicho ni kubwa kupita vile unafikiri, na ubavuni iko na mstari wa feza wenye kuanzia ku kichwa mpaka ku mkia. Jicho na ule mstari ndivyo mukeke anaona, mengine yote unaweza kukosea kidogo.

Chonga mu mbao laini, sipre iko sawa, ekalitusi ni ngumu na inapasukapasuka. Kisu kwanza, kisha papye ya emeri 120, 240, umalizie na 400. Mkia sasa usiufanye kama wa sambaza ya kweli wenye kugawanyika mara mbili, ule haupige maji. Kata kiduara cha milimita 10 mpaka 12 mu plastiki ya bido ya zamani, ukibandike nyuma na kole ya nguvu kikiwa kimesimama kama sahani imetegwa kwa ukuta, yaani maji yakija kutoka mbele yanakigonga usoni. Ile shingo yenye kuunganisha mwili na kiduara iwe milimita 3. Nilijaribu 2 ikakatika na samaki wa kwanza, nilijaribu 5 chambo ikakuwa inakokotwa tu kama kijiti mpaka uvute mbio sana, na mukeke asubuhi hataki mbio.

Magamba usichonge moja moja. Paka mastiki nyembamba sana, ingali laini zungushia kipande ya chandarua ya zamani, kandamiza, toa polepole, na utabaki na alama ndogondogo zenye kupendeza sana, kweli siku ya kwanza nilipoona hivyo niliamsha watu wa nyumbani waje waangalie. Jicho, kandamiza na kichwa ya msumari. Kisha verni, safu tatu, na uache ikauke siku mbili kamili. Verni yenye haijakauka itashikana na silikoni na utapoteza vyote viwili.

Silikoni gani

Kuko njia mbili na zote nimezitumia.

Ya kwanza ni silikoni ya kumwaga, yenye kuja mu vikopo viwili, unachanganya inakuwa mpira. Ku hiyo kuko tena aina mbili, ya bati na ya platini. Ya bati ni ya bei ya chini, unaweka dawa ya kuikausha kidogo, mara mingi gramu 2 mpaka 5 ku gramu 100, lakini fata yenye wameandika ku kikopo chako. Ya platini mara mingi unachanganya nusu kwa nusu, inadumu miaka mingi na haipunguke ukubwa, lakini iko na tabia ya kukataa: ikigusa kitu chenye salfa haikauke. Nilivaa gan za latex za farmasi, nikaweka modeli fasi yake na vidole, nikamwaga, kesho yake silikoni imekauka kila fasi isipokuwa paka pale modeli iko, pale inabaki kama asali. Ni latex njo ilifanya hivyo, iko na salfa ndani. Plastisini ya watoto nayo mara mingi iko na salfa. Vaa gan za nitrili ao za vinili, na tena dondosha kidogo ku kila kitu chenye utatumia, ungoje, ndipo umwage. Kwa mwenye kuanza mimi nasema achukue ya bati, ugumu wake (Shore A) wa namba 20 mpaka 30, hapo chini ni laini sana na inapasuka haraka, hapo juu unateseka kutoa modeli.

Njia ya pili ni ya silikoni ya tube, ile ya kufungia vioo na akwariamu yenye iko ku kenkayeri yoyote ya Kadutu. Ntaieleza chini, ni nzuri kwa wenye hawana namna ya kuagizia.

Kumwaga nusu ya kwanza

Tengeneza sanduku ndogo, mbao ya triplex ao vipande vya karo, ndani ibaki sentimita moja kando ya modeli kila upande. Ziba pembe zote na skochi ao udongo, juu silikoni ni kama maji ya muhogo, inatafuta tundu usiku wote na asubuhi unaikuta ku meza.

Jaza chini na udongo wa mfinyanzi ao plastisini yenye haina salfa, laza modeli kwa ubavu, izame mpaka katikati kabisa, nusu ndani nusu inje. Lainisha udongo mpaka ugusane na modeli bila kuacha mwanya, tumia nyuma ya kijiko chenye umelowanisha. Huu mstari njo utakuwa mshono ku chambo yako, ukiacha mwanya plastiki itaingia mule na kila chambo itatoka na bawa ya kukata na makasi.

Sasa tundu. Ku mdomo wa modeli weka kijiti chenye umbo ya faneli ya kumiminia mafuta, chini milimita 8, juu 15, pale njo plastiki itaingilia. Kisha njia ya hewa, na hapa kalibu yangu ya pili na ya tatu zilifia: wakati wa kumwaga kichwa iko juu na mkia iko chini, kwa hiyo hewa inafungwa ku mkia, haina fasi ya kupita, na chambo zote zinatoka bila kiduara. Chukua waya wa milimita 2, uanzie ku ukingo wa kiduara, uupandishe kando ya mwili bila kuugusa, utokee juu kabisa karibu na lile tundu kubwa. Hewa inapanda kupitia pale, na ukiona plastiki imechungulia ku ile njia unajua mkia umejaa.

Kandamiza udongo na kofia ya biki fasi nne, ku kila pembe, yale mashimo yatakuwa meno ya kufungana ya nusu mbili.

Kujua silikoni ngapi, pima sanduku: urefu 13, upana 5, na unataka kina cha 2, hiyo ni 130, zidisha na 1,15 juu silikoni ni nzito kidogo kuliko maji, unapata karibu gramu 150. Kama hesabu inakusumbua jaza ile fasi na mchele, umimine mchele mu kikombe chenye alama. Ku gramu 150 dawa ya 3 ku mia ni gramu 4 na nusu, na balansi ya kuchini haitaona hiyo, tafuta ile balansi ndogo ya kupimia dhahabu, hapa Bukavu haikose. Usikadirie na jicho. Dawa ikizidi inakauka ungali unachanganya na kalibu inakuwa ya kuvunjika, ikipunguka utangoja wiki.

Changanya dakika tatu polepole, ukwangue pembeni na chini ya kikombe, kisha umimine mu kikombe ingine safi uchanganye tena. Paka ya kwanza na burashi ndogo ku modeli yote, ku jicho, ku magamba, ku shingo ya mkia, juu mapovu yanapenda mule. Kisha mwaga kutoka juu, uzi mwembamba, fasi moja tu ku pembe, silikoni yenyewe itembee mpaka ifunike modeli. Gongagonga meza. Acha. Ku kikopo wataandika saa 6 ao 12, lakini usiku wa Bukavu kuko baridi, mimi naacha mpaka kesho yake mchana.

Nusu ya pili, na vazelini

Geuza sanduku, toa udongo wote bila kung'oa modeli mu silikoni, safisha na burashi ya meno, kausha. Waya na kijiti vibaki fasi yao.

Sasa soma hii mara mbili: silikoni haishikane na kitu kingi, lakini inashikana na silikoni. Nusu ya kwanza yote paka vazelini, nyembamba, ifike ku meno yote na ku kingo, kisha upanguse na kitambaa ibaki kama mafuta ya ngozi. Kalibu yangu ya kwanza nilisahau upande moja, nikapata jiwe ya mpira na modeli ndani, nikapasua na wembe. Ukiweka mingi sana nayo inajaza magamba. Baada ya hapo pima, changanya, mwaga kama kwanza.

Ikikauka fungua, toa modeli, usimwage plastiki siku ile. Silikoni ya bati ikikauka inatoa alkoli kidogokidogo, ukiipatia moto mapema ile alkoli inageuka mapovu mu chambo. Iache wazi siku mbili, fasi yenye hewa.

Njia ya tube

Angalia tube imeandikwa silikoni 100%, haina akriliki. Tube moja ni karibu mililita 300, inatosha. Fanya hii inje ao dirisha wazi, juu inatoa harufu kali ya siki yenye kuchoma macho. Paka modeli vazelini, kisha safu nyembamba ya silikoni peke yake kwa kidole chenye umelowanisha mu maji ya sabuni, usukume mu magamba. Pembeni changanya silikoni na maizena, kiasi sawa kwa sawa kwa kipimo cha kikombe, ufinyange kama bugali mpaka isishike mu mkono, maizena njo inaifanya ikauke mpaka ndani, bila hiyo inakauka ngozi tu na ndani inabaki laini wiki nzima. Uko na dakika kama tano, sita. Kandamiza ku modeli, sawazisha mgongo, acha usiku moja. Mimi hii naifanya kalibu ya wazi, ya upande moja, chambo inatoka na ubavu moja bapa, na kwa tilapia na kambare wa hapa Kivu inatosha, kwa mukeke napenda ile ya nusu mbili.

Kumwaga plastiki

Plastiki yenyewe inaitwa plastizoli, inakuja kama maziwa mu chupa. Chambo za zamani zenye mikia imekatika nazo unaweza kuzikatakata na kuyeyusha, nazikusanya hata kwa warafiki. Zile chambo zenye kuvutika sana kama raba usizichanganye humo, hizo ni plastiki ingine na hazikubaliane. Na sandali, kuna watu wameniuliza juu ya sandali za plastiki: hapana, hujui nini iko ndani na ule moshi wake ni mbaya.

Moto sasa. Plastizoli unaipasha mpaka digri 160 ao 175, inaanza maziwa, inakuwa nzito kama uji umeshikana (hapo wengi wanafikiri imeharibika), kisha inafunguka, inakuwa ya kuona ndani na inatiririka. Ikianza manjano uko karibu kuiunguza, ikitoa moshi toa ku moto na uondoke pale, ule moshi uko na asidi yenye kukamata mapafu. Ku mbabula usiweke sufuria moja kwa moja, makala inachoma chini wakati juu bado ni maziwa. Weka mchanga mkavu mu karai, sufuria ndogo ya chuma ikae mu mchanga, koroga bila kuacha. Tafuta termometre ya kupikia yenye kufika 200 na kupita, ile bunduki ya kupima watu joto ku paji ya uso haifike huko.

Fanya inje, upepo ukupige mgongoni, gan za ngozi, mikono mirefu, miwani, na watoto mbali kabisa. Hii plastiki ikikudondokea inashika ku ngozi kama sukari ya kuungua, weka bakuli ya maji baridi karibu ya kutia mkono. Lakini maji yasikaribie sufuria wala kalibu, tone moja linarusha plastiki ya moto usoni. Ile sufuria na kijiko visirudi tena mu kuchini.

Rangi, unga wa kung'aa wa saluni ya kucha ni mzuri sana kwa ule mstari wa feza, ncha ya kijiko ku gramu 100 inatosha, na bluu kidogo ya kupaka ndani ya mgongo wa kalibu mbele ya kufunga.

Kalibu iwe kavu na ya joto kidogo, iweke karibu ya mbabula dakika kumi, kalibu baridi inagandisha plastiki ku shingo ya mkia mbele haijafika chini. Fungana nusu mbili na vipande vya triplex na raba mbili, usikaze sana ao chambo itatoka imebonyea. Mwaga uzi mwembamba bila kusimama mpaka ichungulie ku njia ya hewa, kisha finyafinya kalibu taratibu upande wa mkia. Seringe ya farmasi usijaribu, inalainika mu mkono wako. Vile inapoa inashuka ku tundu, ongeza kidogo, hivyo kichwa haitakuwa na shimo. Dakika nane, kumi, fungua, tia chambo mu maji baridi ikiwa imenyooka, yenye itapoa imepinda itaogelea imepinda.

Kila moja inakula kama gramu 7. Ziweke mu mfuko wa plastiki, usiziweke mu boksi ngumu ya bei ya chini, zinaiyeyusha, na zisichanganyike rangi nyeupe na bluu juu zinaambukizana. Ku ndoano yenye kichwa ya risasi ya gramu 5 nazishusha Uvira karibu na fasi ndagala wanaruka, navuta polepole na kusimama. Hapa Kivu natengeneza ingine ya sentimita 4. Yenye imekatika usiitupe mu ziwa, samaki wanaimeza na haioze, rudisha nyumbani uiyeyushe tena.

Kalibu ioshe na maji ya sabuni, ikauke kabisa, ilale imefungana na modeli iko ndani ili isipoteze umbo. Ile yangu ya bati ya mwaka jana imeanza kupasuka ku tundu ya juu, wiki ijayo namwaga ingine juu ya modeli ileile.